Hasi ya Lini? Tamko la Washauri Nasaha na Wapimaji wa VVU kuhusu Kipindi cha Dirisha



Sisi washauri nasaha na wapimaji wa VVU, tunaofanya kazi katika zahanati, vituo vya afya, hospitali na huduma za mkoba nchini Tanzania, kwa pamoja katika chama chetu tunatoa tamko hili kwa wananchi wote, kwa viongozi wa dini, kwa waajiri, kwa wenye maduka ya dawa, kwa wizara yenye dhamana ya afya, na kabla ya wote hao kwa wenzetu wa kazi hii hii. Linahusu majibu ya "hasi" yanayotolewa, kupokewa na kuonyeshwa watu huku hakuna aliyeuliza ni lini mpimwaji alijiweka hatarini mara ya mwisho.

Msimamo wetu ni huu: jibu la hasi lisiloambatana na tarehe halijakamilika. Mpimaji aliyelitoa hajamaliza kazi, na mteja aliyelipokea hajajua hali yake ya leo. Amejua ya wiki kadhaa zilizopita.

Tunalisema hili kwa sababu tunaliona mezani kwetu, hasa Jumatatu asubuhi. Mtu anaingia, anakaa ukingoni mwa kiti, anasema Jumamosi usiku alikwenda peku na mtu asiyemfahamu vizuri, na sasa anataka kujua kama amekanyaga miwaya. Anachomwa kidole, tone linawekwa kwenye kitepe, dakika kumi na tano au ishirini zinapita, unatokea mstari mmoja. Anaambiwa ni hasi. Anashukuru, anatoka, na huenda jioni ile ile akamwonyesha mwenzake karatasi. Kipimo hakikukosea hata kidogo. Kimejibu sawasawa swali ambalo yeye hakuuliza, yaani kama alikuwa na maambukizi ya muda mrefu kabla ya Jumamosi hiyo. Kuhusu Jumamosi yenyewe hakijasema neno, wala hakingeweza.

Ili kila mmoja aelewe sababu, tueleze kinachotokea mwilini. Kirusi kikishaingia, siku za mwanzo hujificha na kuzaliana katika tishu na matezi ya karibu na pale kilipopitia. Kwa takriban siku 10 hakuna kipimo chochote duniani, cha bei yoyote, kinachoweza kukiona kwenye damu. Kisha chembe za kinasaba cha kirusi huanza kupatikana katika damu, na kipimo cha maabara kinachotafuta chembe hizo huweza kukibaini kati ya siku ya 10 na ya 33 tangu mtu alipoambukizwa. Siku chache baadaye hujitokeza protini ya kirusi iitwayo p24. Kipimo cha maabara kinachotafuta protini hiyo pamoja na kingamwili, kwa damu iliyotolewa mshipani, huonyesha maambukizi kati ya siku ya 18 na ya 45. Mwishoni ndipo mwili wenyewe unapokuwa umetengeneza kingamwili za kutosha kuonekana kwenye vipimo vya kingamwili peke yake, kati ya siku ya 23 na ya 90. Muda huo, tangu kuambukizwa hadi kipimo kinachotumika kiweze kuonyesha, ndio tunaouita kipindi cha dirisha.

Tunaomba msomaji atulie kidogo kwenye hizo namba pacha, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Namba ndogo ni siku ambayo watu wachache wa mwanzo huanza kuonekana. Namba kubwa ni siku ambayo karibu kila aliyeambukizwa atakuwa ameonekana. Miili haifanani, mmoja hutengeneza kingamwili upesi, mwingine hujivuta. Mwenye hofu hukamata namba ndogo, akaenda kupima siku ya 23 na kujiaminisha kuwa amevuka. Hajavuka. Anayetaka jibu la mwisho atumie namba kubwa ya kipimo anachopimwa nacho.

Na kipimo gani hicho? Kipimo tunachokitumia zaidi sisi ni kile cha haraka cha damu ya kidole. Wananchi wengi wamekizoea kwa majina ya SD Bioline na Uni-Gold, yaliyotumika nchini kwa miaka mingi, cha kwanza kuchunguza na cha pili kuthibitisha. Vyote viwili hutafuta kingamwili. Kwa hiyo kwa Mtanzania anayepimia zahanati ya kata, au anayejipima nyumbani, kipimo cha kufungia hesabu ni cha miezi mitatu. Kupima wiki ya sita kuna faida kubwa, kwa kuwa walioambukizwa wengi watakuwa wameshaonekana kufikia hapo, na hasi ya wiki ya sita inampa mtu nafuu ya haki kabisa. Ila isichukuliwe kuwa ndiyo ya mwisho.

Kwa mfano wa kalenda: aliyejiweka hatarini tarehe 1 Machi, na hakurudia, akipima wiki ya sita atakuwa anapima karibu na tarehe 12 Aprili, na kipimo chake cha kumaliza kitakuwa tarehe 30 Mei au baada ya hapo. Akirudia tarehe 20 Aprili, hesabu yote inaanza upya kutoka tarehe 20 Aprili. Ni jambo jepesi kulieleza, lakini tumekutana na watu waliopima mara nne kwa mwaka huku wakijihatarisha kila wiki mbili, ambao hawajawahi hata siku moja kupima wakiwa nje ya dirisha.

Kuna upande wa pili wa kosa hili, nao unaumiza watu kimya kimya. Ni wale ambao muda wao umeshapita zamani na bado hawaamini. Wamepima miezi mitatu, wakapima mwezi wa sita, wakapima mwaka, kila mara hasi, na kila wakiona upele au wakikohoa wanarudi. Wengine wameacha kula. Wamesoma kwenye simu kwamba kirusi hukaa mwilini miaka kumi bila kuonekana. Hapa mambo mawili yamechanganywa. Ni kweli kwamba aliyeambukizwa asiyetumia dawa anaweza kukaa miaka mingi bila kuugua UKIMWI. Ila katika miaka hiyo yote kipimo kinamwonyesha chanya waziwazi. Kuchelewa kuugua na kuchelewa kuonekana kwenye kipimo ni vitu viwili tofauti, na kimoja huhesabiwa kwa miaka huku kingine kikihesabiwa kwa siku.

Ile "miezi sita" inayotajwa hadi leo vijiweni, na wakati mwingine hata na wahudumu wa afya, ina asili yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, wakati ambapo hapakuwa na kipimo chochote cha kirusi. Vipimo vya kingamwili vilianza kuidhinishwa mwaka 1985, na vile vya mwanzo vilichelewa kuona maambukizi mapya kuliko vya leo. Tahadhari ya miezi sita ilikuwa na maana yake zama hizo. Vipimo vimebadilika, tahadhari imebaki. Tunawataka wenzetu wanaoendelea kuitaja waiache, isipokuwa pale daktari anapokuwa na sababu mahususi kwa mgonjwa mahususi. Kumwongezea mtu miezi mitatu ya mashaka bila sababu si huduma.

Kwa hiyo aliyepima baada ya siku 90 kamili, hakujihatarisha tena katikati, hakutumia dawa za kuzuia VVU wala za kufubaza, na jibu lake ni hasi: amemaliza. Asirudi kwetu kwa tukio hilo. Akiendelea kuteseka moyoni, mlango wa ushauri uko wazi, na hatutamchoma kidole tena ili kumtuliza kwa siku mbili.

Sasa tugeukie sababu iliyotufanya tuandike tamko badala ya waraka wa ndani. Wiki za dirisha ndizo wiki za hatari kubwa kuliko zote kwa watu wengine. Katika majuma ya mwanzo, kabla kingamwili hazijashika kasi, wingi wa kirusi katika damu hupanda juu sana. Katika Wilaya ya Rakai nchini Uganda, inayopakana na Kagera yetu, watafiti waliwafuatilia wenza ambao mmoja ameambukizwa na mwingine hajaambukizwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba katika takriban miezi miwili na nusu ya mwanzo, uwezekano wa kuambukiza ulikuwa kama mara 8 katika kila matendo ya ndoa 1,000, wakati kwa maambukizi yaliyokwisha kukaa ulikuwa karibu na mara 1. Maana yake ni kwamba mtu aliye na karatasi ya hasi mkononi anaweza kuwa ndiye anayeambukiza kwa urahisi zaidi katika mtaa mzima, kuliko jirani yake anayejulikana kuwa anahudhuria kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU (CTC). Tena huyo wa CTC, kama anameza dawa zake vizuri na kirusi chake kimefubaa hadi hakionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Jamii inamwogopa asiye na hatari na kumkumbatia mwenye karatasi.

Wakati huo huo mwili wa aliyeambukizwa karibuni mara nyingi hutoa ishara. Wiki ya pili hadi ya nne baadhi hupata homa, koo kuuma, matezi kuvimba, upele, maumivu ya misuli na uchovu. Kwa nchi zetu dalili hizo zina jina moja tu mdomoni mwa watu: malaria. Mgonjwa anapimwa malaria, haipo. Anapewa dawa za kuua bakteria, anarudi nyumbani, homa inaisha yenyewe kama ambavyo ingeisha bila dawa. Huko pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walioko Kilifi waliendesha mradi ulioitwa Tambua Mapema, wakiwapima watu wazima waliofika vituoni na dalili za namna hiyo kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, wakiwalenga hasa wale ambao wangetibiwa homa na kuruhusiwa. Tunaitaka wizara iangalie uwezekano wa jambo hilo katika mikoa yenye maambukizi mengi. Na kwa tabibu wa zahanati asiye na mashine hiyo, lipo swali lisilo na gharama: mtu mzima ana homa, malaria haipo, je, katika wiki sita zilizopita amejiweka hatarini? Akijibu ndiyo, apimwe, na hata akiwa hasi apangiwe tarehe ya kurudi.

Tunaonya upande wa pili pia. Dalili hizi hazitofautiani na za mafua au homa nyingine yoyote, na wengi walioambukizwa hawazipati au hawazikumbuki. Kuwa na homa si ushahidi kwamba umeambukizwa, na kutokuwa nayo si ushahidi kwamba umesalimika.

Lakini kwa yule mteja wa Jumatatu, kabla ya dirisha, kabla ya tarehe zote hizi, kulikuwa na jambo la haraka kuliko yote, na ndilo linalotuuma zaidi kila tunaposikia limepita bila kutajwa. Ndani ya saa 72 tangu tukio, zipo dawa za kuzuia maambukizi, PEP. Aliyejihatarisha Jumamosi saa nne usiku ana hadi Jumanne saa nne usiku, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa. Kuanza saa mbili baada ya tukio ni bora kuliko kuanza saa sabini baadaye. Dawa humezwa kila siku kwa siku 28. Mara nyingi ni mchanganyiko ule ule wa tenofovir, lamivudine na dolutegravir, TLD, unaotumiwa na wateja wengi wa CTC. Mtu aliyekuja Jumatatu asubuhi, akapimwa, akapongezwa kwa kuwa hasi na kuruhusiwa, amenyang'anywa fursa ambayo Jumatano haitakuwepo tena. Kipimo cha siku ile kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuwa na maambukizi tayari, ili asipewe dawa za kuzuia kumbe anahitaji za kutibu. Ni mlango wa kuingilia kwenye PEP. Wapo wenzetu wanaoufanya mlango wa kutokea.

Tunatamka wazi: kwa mteja aliye ndani ya saa 72, dozi ya kwanza isisubiri foleni, isisubiri daktari arudi kutoka semina, wala isisubiri aliyekutana naye apatikane na kupimwa. Kwa aliyebakwa, matibabu yaanze, na fomu ya polisi ya PF3 ifuatiliwe huku kidonge cha kwanza kimeshamezwa. Panapokuwa na kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waathirika wa ukatili, apelekwe huko akiwa amesindikizwa, asitumwe peke yake na kikaratasi. Kwa muuguzi, mhudumu wa maabara au mfanya usafi aliyechomwa na sindano iliyotumika, hali ni hiyo hiyo. Hatari ya kuambukizwa kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ni kama 3 kwa kila 1,000, ni ndogo, lakini hakuna sababu ya kuibeba bure wakati dawa ziko kabati la chumba cha pili. Baadhi ya wenzetu huona haya kuripoti. Waripoti.

Tunajua pia kwamba watu huazima vidonge kwa ndugu aliye CTC, kwa kuogopa maswali ya kituoni. Tunawasihi wasifanye hivyo. Ndugu huyo anahesabiwa dozi zake na akipungukiwa anaumia yeye. Na muazimaji huishia kumeza vidonge vitano au kumi, ambavyo havimkingi na vinaweza kuvuruga vipimo vyake vya baadaye. Njoo kituoni. Hatukuulizi jina la uliyekuwa naye.

PEP inabadilisha hesabu ya dirisha. Dawa zinaweza kuchelewesha kirusi na kingamwili kujitokeza endapo maambukizi yamepenya, kwa hiyo hasi iliyopatikana mtu akiwa bado anameza vidonge haina uzito wa kumtosha. Kwa tahadhari, ushauri wetu ni kuhesabu miezi mitatu kuanzia kidonge cha mwisho. Yule wa tarehe 1 Machi, akianza PEP tarehe 2 na kumaliza tarehe 29 Machi, kipimo chake cha kumalizia kitakuwa tarehe 27 Juni, pamoja na vya katikati kama atakavyopangiwa kituoni. Wanaotumia PrEP, yaani dawa za kujikinga kabla, nao wapimwe kwa ratiba ya kliniki yao, wasitegemee kipimo cha dukani.

Hapo tumefika kwenye kujipima. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe na kushusha umri wa kuridhia kupima hadi miaka 15. Tuliunga mkono na tunaendelea kuunga mkono. Vifaa vya kujipima vimewafikia wanaume wengi ambao wasingekanyaga kituoni. Ila kifaa cha kujipima hakina mtu wa kuuliza "lini". Kile cha kupangusa fizi, hasa, hutegemea kingamwili zilizomo majimajini mwa mdomo, ambazo ni chache kuliko za kwenye damu, hivyo maambukizi mapya huchelewa zaidi kuonekana humo. Tunawataka wauzaji na wagawaji wa vifaa hivi wamwambie mnunuzi mambo matatu kabla hajatoa hela: kwamba hasi kabla ya siku 90 inahitaji kurudiwa, kwamba chanya si ya mwisho hadi ithibitishwe kituoni, na kwamba anayetumia dawa za kufubaza VVU (ARV) asijipime, maana dawa zinaweza kuleta hasi ya uongo, mtu akaacha tiba akidhani amepona au ameombewa akaponywa. Hilo la mwisho tumeliona likiua.

Kuhusu karatasi za majibu. Baadhi ya viongozi wa dini huwadai wachumba majibu ya VVU kabla ya kufungisha ndoa. Nia yao tunaielewa. Lakini kama bwana harusi alipima wiki moja baada ya kuagana na mchepuko wake, karatasi hiyo haimkingi bibi harusi na lolote, inamfunga macho. Badala ya kudai karatasi, wawaelekeze wachumba waje pamoja, wapate ushauri pamoja, wapime, watumie kondomu au wasubiri, kisha warudie baada ya miezi mitatu. Tena wasifunge ndoa au kuivunja kwa karatasi: wenza wenye majibu tofauti wapo wengi, wanaoana, wanazaa watoto wasio na maambukizi. Kwa waajiri hatuna maneno mengi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imekataza kumlazimisha mtu kupima isipokuwa katika hali chache ilizozitaja, na kuomba kazi si mojawapo. Mwanachama wetu atakayeombwa na kampuni kupima waombaji kazi kwa siri au kwa lazima akatae, na chama kitasimama naye.

Wapo pia wanaokwenda kuchangia damu ili wapimwe bila kuonekana wamekwenda kupima. Damu yote ya msaada hupimwa, hilo ni kweli. Ila mtu aliye katika siku zile za mwanzo anaweza kupita kwenye vipimo vya maabara ya damu, na chupa yake ikaenda kwa mama aliyetoka damu nyingi wakati wa kujifungua au kwa mtoto mwenye sikoseli. Anayeshuku nafsi yake aje kwetu. Huku ni bure, ni siri, na hakuna wa tatu atakayeumia. Kwenye dodoso la mchangiaji, ajibu ukweli.

Kwa wajawazito na wanaonyonyesha, hasi ya hudhurio la kwanza kliniki isifungiwe faili. Mama anayeambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha hupitia kipindi hicho hicho cha kirusi kingi, na mtoto yuko hatarini kuambukizwa. Arudie kupima mwishoni mwa ujauzito na wakati wa kunyonyesha, kama miongozo inavyotaka, na baba naye aitwe. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU ana hesabu yake nyingine kabisa: amebeba kingamwili za mama, ambazo zinaweza kudumu hadi miezi 18, hivyo kitepe chetu cha kawaida kinaweza kumwita chanya asiye nacho. Huyo anahitaji kipimo cha PCR, kinachotafuta kirusi chenyewe, cha tone kavu la damu kuanzia wiki za mwanzo, na majibu yake yasikae maabara hadi mama akate tamaa kuyafuatilia.

Mwezi Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete alipima VVU hadharani jijini Dar es Salaam kuzindua kampeni ya kitaifa, na tangu hapo kupima kumekuwa jambo la kawaida kwa kiasi ambacho waliotutangulia katika kazi hii wasingekidhani. Zaidi ya asilimia 80 ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini wanajua hali zao. Mafanikio hayo ni halali na tunayaonea fahari. Ila kampeni zetu zilimfundisha mtu kupima, hazikumfundisha kurudi. Tuliwekewa malengo ya idadi ya waliopimwa, tukayafikia. Hakuna aliyetuuliza wangapi walirudi tarehe waliyopangiwa, kwa kuwa wengi hawakupangiwa tarehe. Lawama hiyo sehemu yake ni ya wapanga malengo, na sehemu yake ni yetu sisi tulioshika kalamu.

Kwa hiyo, kuanzia sasa, chama kinawaelekeza wanachama wake wote kwamba hakuna mteja atakayechomwa kidole kabla ya kuulizwa siku ya mwisho aliyojiweka hatarini, kwa lugha ya heshima na pasipo kuhojiwa kama mshitakiwa. Akiwa ndani ya saa 72, kazi ya kwanza ni PEP. Akiwa ndani ya siku 90, jibu lake litatolewa kwa maneno haya: "Hadi sasa kipimo hakijaonyesha maambukizi, rudi tarehe fulani, hadi hapo tumia kondomu na usichangie damu." Tarehe hiyo itaandikwa kwenye kadi anayoondoka nayo. Akiwa ameshavuka siku 90 bila hatari mpya wala dawa za kuzuia, aambiwe amemaliza, na aambiwe kwa sauti ya kueleweka.

Kwa wizara tunaomba mambo yasiyohitaji bajeti kubwa: rejista ya upimaji ipate safu ya tarehe ya tukio la mwisho na safu ya tarehe ya kurudi, kadi ya mteja iwe na nafasi ya tarehe hiyo, maelekezo ya Kiswahili yaliyomo kwenye vifaa vya kujipima yataje siku 90 kwa herufi zinazosomeka, na PEP ipatikane usiku, Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa ndizo siku inapohitajika. Tumeshuhudia vituo ambavyo kabati la dawa hufungwa Ijumaa alasiri na ufunguo kuondoka na mtu mmoja. Tunaomba ufunguo wa akiba uachwe kwa muuguzi wa zamu, na jina la aliye nao liandikwe ubaoni kila siku.